Njama ya baruti ya 1605 ina kwao, na kwao ni mashambani

Kwa Mhariri,

Mwezi wa Novemba ukikaribia, jina la Guy Fawkes hurudi magazetini na redioni, na siku hizi hata kwenye simu za vijana wetu hapa Nairobi, kwa sababu ya ile barakoa nyeupe yenye masharubu membamba na kidevu kilichochongoka. Masimulizi yanayoandamana nayo karibu yote ni yale yale: Guy Fawkes alitaka kulipua Bunge la Uingereza, akanaswa London akiwa na mapipa ya baruti, akauawa. Uongo haumo. Ila hicho ni kipande kidogo cha habari, na kikisimuliwa peke yake humwachia msomaji picha ya mtu mmoja mwenye hasira aliyejificha chini ya Bunge. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze njama ile ilitoka wapi, maana sababu za kushindwa kwake ziko huko huko ilikotoka.

Walioingia katika njama walikuwa watu 13, wote Wakatoliki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa ukoo wa London. Kiini chao kilitoka katika kaunti za katikati ya Uingereza, eneo liitwalo Midlands: Warwickshire, Worcestershire na Northamptonshire. Kikundi cha pili kilitoka Yorkshire, kaskazini. Guy Fawkes ni wa kikundi hicho cha pili, na wala hakuwa kiongozi. Kiongozi alikuwa Robert Catesby, mwenye asili ya Lapworth katika Warwickshire, ambaye familia yake ilikuwa pia na nyumba kubwa Ashby St Ledgers, Northamptonshire. Lango la nyumba hiyo, lenye chumba juu yake, lingali limesimama hadi leo, na wenyeji husema ndimo walimokuwa wakikutana.

Anayetaka kuelewa watu hawa aanze na nyumba moja: Coughton Court, Warwickshire, makao ya ukoo wa Throckmorton. Mama yake Catesby, Anne, alizaliwa katika ukoo huo. Dada yake Anne, Muriel, aliolewa na Sir Thomas Tresham wa Rushton, Northamptonshire, akamzaa Francis Tresham, ambaye naye aliingia katika njama. Kwa hiyo Catesby na Tresham ni watoto wa mtu na dada yake. Ndugu wawili, Robert na Thomas Wintour wa Huddington Court, Worcestershire, bibi yao mzaa baba alikuwa Throckmorton vilevile. Dada yao, Dorothy Wintour, aliolewa na John Grant wa Norbrook, karibu na Stratford-upon-Avon, Grant akaingia. Thomas Bates, mtumishi wa Catesby, aliingia kwa kuwa alikwisha kuhisi kinachopangwa, nao wakaona heri wamwapishe kuliko kumwacha nje. Hata Everard Digby, tajiri kijana wa Gayhurst, Buckinghamshire, alipokaribishwa alipewa kazi ya kukodi Coughton Court yenyewe. Ukichora mistari ya ndoa na uzazi kati ya nyumba hizi, kalamu haitoki Midlands.

Kwa nini eneo hilo? Wengi hujibu kwa neno moja, dini, kisha wakaendelea. Inafaa kuingia ndani kidogo. Sheria ya 1559 ilimtoza faini ya shilingi moja kila asiyehudhuria ibada ya Kanisa la Uingereza siku ya Jumapili au sikukuu. Ilimuumiza maskini, lakini mwenye mashamba aliweza kuilipa. Mwaka 1581 faini ikapandishwa hadi paundi 20 kwa mwezi. Mwezi huo ulihesabiwa kwa wiki nne, kwa hiyo mwaka ulikuwa na miezi 13 na jumla ilifika paundi 260. Baadaye sheria ikairuhusu serikali kuchukua theluthi mbili za mashamba ya asiyelipa. Basi mzigo uliwaangukia hasa wenye ardhi waliobaki Wakatoliki, na hao walikuwa wengi na wa karibu karibu katika kaunti hizo za katikati. Walioana wao kwa wao kwa vizazi, kwa sababu ilikuwa vigumu kumpata mkwe wa dini yao mahali pengine, na kwa sababu nyumba iliyomficha padri haikuweza kumpokea mkwe ambaye angekwenda kusema.

Baba zao walikwisha kuumia kabla yao. Mwaka 1581 Sir William Catesby, baba yake Robert, alishtakiwa pamoja na Sir Thomas Tresham na Lord Vaux wa Harrowden kwa kumpa hifadhi Edmund Campion, padri wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti. Wote watatu ni wa Midlands, na wote ni jamaa kwa damu au kwa ndoa. Sir Thomas Tresham alipitisha miaka mingi kifungoni, na alipopata nafuu alijenga huko Rushton, kati ya 1593 na 1597, jengo dogo la pembe tatu linaloonyesha imani yake bila kuitaja: kuta 3, kila mmoja wa futi 33 na kitu, ghorofa 3, na madirisha 3 kila upande katika kila ghorofa, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Jengo hilo lipo hadi leo. Anayeweza kufika huko ataelewa kwa macho yake watu hawa walivyoishi na imani ambayo hawakuruhusiwa kuisema kwa sauti. Sir Thomas alifariki Septemba 1605, akamwachia Francis madeni makubwa, na mwezi uliofuata Catesby akabisha hodi.

Matumaini yao ya mwisho yalikuwa kwa mfalme mpya, James I, aliyetawazwa 1603 naye ni mwana wa mama Mkatoliki. Februari 1604 James aliamuru mapadri waondoke nchini. Agosti mwaka huo Hispania ikafanya amani na Uingereza bila kuwapatia Wakatoliki wa Uingereza uhuru wowote wa kuabudu. Catesby hakungojea hata amani hiyo. Alikwisha kushiriki uasi wa Earl (cheo cha kikabaila) wa Essex mwaka 1601, akatozwa marki 4,000, kipimo cha fedha cha wakati huo, na kulazimika kuuza shamba lake la Chastleton, Oxfordshire. Mtu huyu aliyajua mashtaka, faini na kuuza urithi tangu utoto.

Sasa watu wa Yorkshire. John na Christopher Wright, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, walisoma shule ya St Peter's katika mji wa York, alikosoma pia Guy Fawkes, aliyebatizwa mjini humo Aprili 1570. Dada yao, Martha Wright, aliolewa na Thomas Percy, jamaa wa Earl wa Northumberland na msimamizi wa ngome yake ya Alnwick. Yaani hata huku kaskazini uzi ni ule ule wa shule moja na shemeji mmoja. Fawkes mwenyewe alikuwa ameondoka kwao zaidi ya miaka kumi, akipigana katika jeshi la Hispania huko Flanders. Thomas Wintour alimfuata huko majira ya kuchipua ya 1604 akarudi naye. Fawkes alichaguliwa kwa sababu mbili: alikuwa askari, na uso wake haukujulikana London. Ilikuwa kazi ya fundi aliyeitwa kwa ujuzi wake. Mkutano wa kwanza wa watu watano, Catesby, Thomas Wintour, John Wright, Percy na Fawkes, ulifanyika 20 Mei 1604 katika nyumba ya wageni ya Duck and Drake, mtaa wa Strand, London.

Hapa ndipo masimulizi ya kawaida hukatika, na hapa ndipo tungependa wasomaji wasimame. Mpango ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya London ilikuwa kulipua ukumbi wa Baraza la Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge, siku ya ufunguzi wa Bunge, mfalme akiwa ndani. Nusu ya Midlands ilikuwa kumteka binti mfalme Elizabeth, mwenye umri wa miaka 9, aliyekuwa akilelewa Coombe Abbey karibu na Coventry, na kumfanya malkia chini ya uangalizi wao. Bila nusu ya pili, ya kwanza ingekuwa mauaji tu. Serikali isingeangukia mikononi mwa mtu yeyote. Ndiyo maana Ambrose Rookwood wa Coldham Hall, Suffolk, aliyesifika kwa farasi wake wazuri, aliambiwa ahamie Clopton House, jirani na Stratford. Ndiyo maana Digby alitakiwa kukusanya wanaume Dunchurch siku ya 5 Novemba kwa kisingizio cha msafara wa kuwinda: mwindaji huja na farasi, silaha na watumishi, na hakuna anayemuuliza. Kutoka Dunchurch hadi Coombe Abbey ni kilomita kumi na kitu tu. Nyumba zote zilizokodiwa mwaka huo zilikuwa umbali wa kupandia farasi kutoka kwa binti yule.

Kazi ya London ilikuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Percy alikodi ghala lililokuwa chini ya ukumbi wa Baraza la Mabwana, Machi 1605. Ghala hilo lilikuwa usawa wa ardhi, halikuwa handaki. Mapipa yalivushwa Mto Thames kutoka nyumba ya Catesby ya Lambeth, yakafika 36, yakafunikwa kwa kuni na makaa. Fawkes alijiita John Johnson, mtumishi wa Percy.

Kilichowaharibia ni kungoja. Bunge lililotarajiwa Februari 1605 liliahirishwa hadi 3 Oktoba, kisha hadi 5 Novemba, kwa hofu ya tauni. Kila kuahirishwa kuligharimu. Kodi za nyumba ziliendelea, baruti iliyokaa muda mrefu iliharibika ikabidi iongezwe, na fedha za Catesby zikaisha. Ndipo akalazimika kuwaingiza watu wenye mali: Rookwood mwishoni mwa Septemba, kisha Digby, aliyeahidi paundi 1,500, na mwisho Tresham, aliyeahidi paundi 2,000, tarehe 14 Oktoba. Idadi iliyoanza na 5 ikawa 13. Na kila aliyeongezwa alikuja na jamaa zake, baadhi yao wakiwa Mabwana ambao wangekaa ukumbini siku hiyo. Swali likaanza kuzunguka: huyu wangu je, naye afe?

Siku 12 baada ya Tresham kuapa, tarehe 26 Oktoba, barua isiyo na jina ilifikishwa kwa Lord Monteagle akiwa Hoxton, ikimtaka asihudhurie Bunge. Monteagle alikuwa amemwoa Elizabeth, dada yake Francis Tresham. Mwandishi wa barua hiyo amebishaniwa tangu siku ile, na hatutaki kumhukumu marehemu. Tunachosema ni kwamba njama iliyotegemea undugu ili kutunza siri ilivuja kupitia undugu ule ule. Monteagle aliipeleka barua serikalini. Jioni ya 4 Novemba ghala lilikaguliwa mara ya kwanza na Earl wa Suffolk, kisha karibu na saa sita za usiku Sir Thomas Knyvet akarudi na kumkamata "Johnson" akiwa na saa, tambi za baruti na vifaa vya kuwashia moto.

Masimulizi mengi huishia hapo. Kumbe Catesby hakuwa London. Alikwisha kuondoka jioni hiyo kuelekea kwao. Asubuhi ya tarehe 5 waliobaki mjini waliposikia habari walikimbilia huko huko, mwisho wao akiwa Rookwood, aliyekuwa amepanga farasi wa kubadilisha njiani. Alikwenda maili 30 kwa saa mbili juu ya farasi mmoja. Saa kumi na mbili jioni walikuwa wamefika Ashby St Ledgers, maili 80 hivi kutoka London. Kwa msomaji wa hapa, ni sawa na kutoka Nairobi na kupita Gilgil kidogo, mchana wa Novemba, juu ya tandiko.

Huko Dunchurch, Catesby aliwaambia waliokusanyika kwamba mfalme amekufa. Ulikuwa uongo, na wengi waliokuja kuwinda hawakuukubali. Walianza kutoroka gizani. Usiku huo wakachukua farasi wa watu katika ngome ya Warwick. Robert Wintour alipinga, akasema kitendo hicho kitaiamsha kaunti nzima, na alikuwa sahihi: hadi wakati huo hakuna aliyewafuata, lakini wizi wa farasi ulimpa kila ofisa wa Warwickshire sababu ya kutoka. Binti mfalme naye akahamishiwa ndani ya mji wa Coventry. Wakachukua silaha Norbrook kwa Grant, wakamtuma Bates na barua Coughton kwa padri Henry Garnet, mkuu wa Wajesuiti nchini, aliyewasihi waache. Saa nane mchana wa tarehe 6 wakaingia Huddington.

Walitarajia nini? Walidhani kila nyumba ya Mkatoliki watakayoipita itafungua mlango na kutoa watu. Ndilo kosa kubwa la njama nzima kwa maoni yetu, kubwa kuliko barua ya Monteagle. Wale wazee wa Midlands waliolipa faini miaka 24 walikuwa wamejifunza kuishi, na jambo waliloliogopa kuliko faini ni kuitwa wasaliti wa nchi. John Talbot, baba mkwe wa Robert Wintour na mmoja wa Wakatoliki wenye nguvu kuliko wote katika eneo hilo, alipofuatwa na Thomas Wintour na Stephen Littleton, mmoja wa waliokusanyika Dunchurch, alikataa kuwasikiliza akawafukuza. Huko Hewell Grange, tarehe 7, walipokuwa wakijipakilia silaha na baruti za Lord Windsor, wanakijiji walisimama wakitazama. Watu wa Catesby walijitambulisha kuwa wako upande wa Mungu na nchi. Wanakijiji wakajibu kwamba wao wako pia upande wa Mfalme James. Hakuna aliyepanda farasi kuwafuata.

Mvua ilikuwa ikinyesha, na baruti ya Hewell ilibebwa kwenye mkokoteni ulio wazi. Saa nne usiku walifika Holbeche House, nyumba ya Littleton mpakani mwa Staffordshire, baruti ikiwa imelowa. Wakaitandaza mbele ya moto ikauke. Cheche ikaruka. Baruti iliyotandazwa hailipuki kama iliyobanwa ndani ya pipa, maana gesi yake ina pa kutokea; huwaka mara moja kwa mwali mkubwa. Mwali huo uliwaunguza Catesby, Rookwood, Grant na mtu aliyeitwa Morgan, na Grant akapofuka. Usiku huo huo Robert Wintour na Littleton waliondoka. Saa tano asubuhi ya 8 Novemba Sherifu wa Worcestershire, Richard Walsh, alizunguka nyumba na watu 200 hivi. Catesby, Percy na ndugu wawili wa Wright walipigwa risasi wakafa. Thomas Wintour alijeruhiwa begani akakamatwa. Kwa hiyo kiongozi wa njama ya London alifia umbali wa siku kadhaa kutoka London, kwa mikono ya watu wa kaunti jirani na kwao.

Mwisho wa habari nao ni wa Worcestershire. Januari 1606 nyumba ya Hindlip ilipekuliwa zaidi ya wiki nzima, kwa sababu ndani yake mlikuwa na maficho ya mapadri, baadhi yakiwa kazi ya Nicholas Owen, fundi ambaye kwa miaka mingi alijenga vyumba vya siri nyuma ya mabomba ya moshi na chini ya ngazi. Owen na mwenzake walijitokeza kwa njaa. Inasimuliwa walikuwa na tufaha moja tu. Garnet na padri Oldcorne walidumu zaidi, wakinyweshwa supu kwa mrija uliopitishwa ukutani, hadi hewa mbaya ikawatoa. Mke wa mwenye nyumba hiyo alikuwa dada yake Monteagle. Wapanga njama wanane waliobaki hai walihukumiwa Westminster Hall 27 Januari na kuuawa tarehe 30 na 31. Tresham alikuwa amekwisha kufariki gerezani Desemba. Garnet aliuawa 3 Mei. Bunge likatunga sheria ya kumshukuru Mungu kila 5 Novemba, na sheria hiyo ilikaa hadi 1859. Mioto ya sherehe hiyo ndiyo iliyolikuza jina la Fawkes, mtu aliyekamatwa mahali pa tukio, na kuwasahaulisha watu Huddington na Holbeche.

Ombi letu, Mhariri, ni dogo. Gazeti linapochapa habari hii tena, badala ya picha ya barakoa peke yake liweke ramani yenye majina haya: Lapworth, Ashby St Ledgers, Coughton, Rushton, Huddington, Norbrook, Clopton, Dunchurch, Coombe Abbey, Hewell na Holbeche, na London pembeni chini kulia. Chini yake ichorwe nasaba ya Throckmorton kwa vizazi vitatu. Mwalimu wa historia anaweza kuinakili ubaoni kwa kipindi kimoja, na mwanafunzi akapima mwenyewe njia ya siku nne kuanzia 5 hadi 8 Novemba. Tarehe zote ziandikwe kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 10, na jambo hilo litajwe kwenye maelezo ya ramani, kwani anayefungua kumbukumbu za Hispania au Roma za mwezi ule atakuta 5 Novemba hiyo imeandikwa 15 Novemba.

Wenu,
Walimu wawili wa historia,
Nairobi